Kabla ya Kuchagua Vigae vya Mapokezi, Lala Chali Kwanza

Wateja wanaotaka tuwachoree hospitali huja na picha kwenye simu: ukumbi wa mapokezi wenye vioo hadi juu, sakafu inayometa, ngazi ya kuzunguka katikati. Hatuzikatai. Tunaomba jambo moja tu kabla ya kushika kalamu: lala chali dakika kumi, kisha utuambie umeona nini.

Jibu ni dari. Dari, na taa inayochoma macho. Mapokezi mgonjwa huyapita mara moja, tena akiwa na maumivu. Dari ataishi nayo siku nzima.

Msanifu Alvar Aalto wa Finland alilijua hilo alipochora hospitali ya kifua kikuu ya Paimio, iliyokamilika mwaka 1933. Dari za vyumba vya wagonjwa alizipaka rangi tulivu iliyokoza, taa akaziweka pasipomuumiza macho aliyelala, na sinki akalipa mteremko ili maji yashuke bila kelele, asije akaamshwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Sinki lile ni urembo au ni matumizi? Tumejaribu kutenganisha, tumeshindwa.

Dirisha nalo lipimwe kutoka kwenye mto. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo: waliotazama miti waliruhusiwa mapema na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Walikuwa 46 tu, kwa hiyo hatuuapii. Lakini kushusha kizingiti cha dirisha, aliyelala aone mti badala ya kipande cha mbingu, si kazi kubwa ikiwa bado iko kwenye karatasi. Ukuta ukishasimama, ni kubomoa.

Sakafu inayometa ndipo tunapobishana zaidi. Mzee mwenye macho dhaifu huiona imelowa, akaanza kunyata. Vigae vina viungo, na viungo hukusanya uchafu. Sisi hupendelea vinili, yaani sakafu ya plastiki, isiyong'aa, iliyounganishwa kwa joto na kupandishwa kidogo ukutani, kusiwe na kona ya kujificha vumbi. Rangi chagua utakayo.

Korido ya mita 2.4 inatosha vitanda viwili kupishana. Ukishaweka chungu cha maua, vinapita kwa zamu.

Kwa hiyo ukija kikao cha kwanza, usije na mkurugenzi peke yake. Njoo na muuguzi wa zamu ya usiku, atuonyeshe ni mara ngapi anakwenda stoo na kurudi. Njoo na msimamizi wa usafi pia. Huyu ndiye anayetufutia michoro mingi kuliko yeyote, na hatujawahi kujuta kumsikiliza.

Picha ya mapokezi nayo ilete. Tutaifikia.