Sh25 za Fuliza, mdogo ndiye anaumia

Mhariri,

Hapa soko la Kibuye kila mtu anafuliza, yaani anachukua Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kumalizia malipo salio likipungua, kuanzia mama wa omena mpaka yule jamaa wa mitumba mwenye stoo mbili, lakini wachache sana ndio wamewahi kukaa chini wakapiga hesabu.

Tangu chaji zishushwe Oktoba 2022, ukiwa na deni la kati ya sh2,501 na sh70,000 unakatwa sh25 kwa siku. Utasema hiyo ni pesa ya mandazi tu. Sawa, lakini aliyefuliza 2,600 akikaa nayo siku kumi ashakatwa 250, karibu sehemu ya kumi ya deni lenyewe, na hapo sijaweka ile ada ya asilimia 1 unayokatwa ukianza kufuliza. Mwenye deni la 70,000 naye siku hizo kumi anakatwa 250 hiyo hiyo! Na pesa yoyote ikiingia kwa simu inamezwa kwanza na deni, ndio maana siku hizi ukitaka kumlipa mtu anakwambia nitumie kwa namba ya bibi.

Uingereza walishakataza hii mambo ya ada ya siku kwa ovadrafti, yaani kutumia pesa kupita salio la akaunti, tangu Aprili 2020, wakaambia benki zitoze riba moja ya mwaka na iandikwe wazi. Benki nyingi zikaruka mpaka karibu asilimia 40, watu wakapiga kelele, na walikuwa na haki, lakini angalau deni dogo linazaa riba ndogo. Ufaransa ukipitisha salio kuna ada yao moja ambayo haiwezi kuzidi yuro 8 kwa muamala na 80 kwa mwezi, na mteja aliyelemewa ni 4 na 20. Marekani ndio sitaki tuwaige, benki zao kubwa zilizoea kukata kama dola 35 kwa mara moja, serikali ikaweka sheria ya kushusha hadi dola 5, Bunge likaifuta 2025 kabla haijaanza kazi.

Sisemi Fuliza ifungwe, mtoto akiugua usiku wa manane hakuna benki itakufungulia mlango. Ninachotaka Benki Kuu ya Kenya (CBK) walazimishe ni kitu kidogo, ile meseji ya deni iandikwe pia ni asilimia ngapi kwa mwaka. Ya huyo wa 2,600 nimepiga kwa simu yangu, inapita asilimia 350.

Mfanyabiashara, Kibuye, Kisumu