Kompyuta ya watu wengi isizimwe kwa kidole kimoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili niseme na mafundi wanaosimika kompyuta zenye mfumo endeshi wa Linux katika shule, zahanati na ofisi za kata, pamoja na wakuu wanaotia saini ya kuzipokea. Jambo lenyewe ni dogo kwa kulitazama, kwa kuwa linahusu mistari michache ndani ya faili moja, lakini madhara yake huwapata watu wasiojua hata kwamba faili hilo lipo. Nazungumzia kile ambacho mfumo hufanya mtu anapobonyeza kitufe cha umeme, na namna unavyovitunza au kuvivunja vipindi vya watumiaji waliokwisha kuingia, yaani muda wa kazi wa kila mtu tangu aingie kwenye mfumo hadi atoke.

Katika mifumo mingi ya Linux ya leo, zikiwamo Debian na Ubuntu ambazo ndizo ninazozikuta mara nyingi kazini, jukumu la kujua nani ameingia, ameingilia wapi, na kama kitufe cha umeme kimeguswa, limekabidhiwa kwa programu inayoitwa systemd-logind. Programu hiyo husoma mipangilio yake katika faili la /etc/systemd/logind.conf. Humo kuna mstari wa HandlePowerKey ambao, ukiachwa jinsi ulivyokuja, thamani yake ni poweroff: kitufe kikibonyezwa mara moja tu, mfumo unaanza kujizima, na kama hakuna mazingira ya picha (yale yenye madirisha na menyu) yaliyolichukua jukumu hilo, hauulizi swali lolote.

Kwa kompyuta ya mtu mmoja sina ugomvi na mpangilio huo. Kujizima kwa njia hiyo hufuata utaratibu, yaani huduma zinasimamishwa kwa mpangilio, data iliyokuwa ikisubiri inaandikwa, na diski inaachwa ikiwa salama, jambo ambalo ni bora mara nyingi kuliko kuchomoa waya. Shida inaanza pale kompyuta hiyo hiyo inapokuwa imebeba kazi za watu walio vyumba vingine: ina hifadhidata ya wagonjwa, au alama za wanafunzi, au mafaili ya ofisi nzima, na walimu au makarani wameingia humo kupitia mtandao. Katika shule moja ninayoifahamu, seva, yaani kompyuta ya namna hiyo inayohudumia nyingine, iliwekwa chini ya meza ya maabara, na kitufe chake kilikuwa sawasawa na magoti ya mwanafunzi anayeketi hapo. Fundi aliyeitwa baadaye alikiziba kitufe kwa utepe mweusi, na tangu hapo aliyetaka kuiwasha mashine baada ya umeme kukatika alilazimika kuubandua utepe huo kwa kucha.

Lililo gumu zaidi kulikubali ni tofauti iliyopo kati ya kitufe na amri. Mtumiaji wa kawaida akijaribu kuizima kompyuta kwa amri au kwa menyu wakati wengine wamo, mfumo humzuia na kudai nywila ya msimamizi, kwa sababu kanuni za polkit, programu inayoamua nani aruhusiwe kufanya nini, hutenganisha kuzima ukiwa peke yako na kuzima wakati kuna vipindi vya watu wengine. Kitufe hakipiti katika mlango huo. Mtu ambaye hana hata akaunti katika mashine anaweza kukibonyeza, na watu kumi waliokuwa wakiingiza takwimu wakakatwa bila kuulizwa. Najua wapo watakaosema kwamba aliyefika kwenye kitufe angeweza pia kuchomoa waya, na ni kweli. Lakini anayechomoa waya huwa amekusudia, ilhali kitufe hubonyezwa na goti, na mtoto, na mtu anayepangusa vumbi. Isitoshe, baadhi ya kibodi zina kitufe chao cha kuzimia, nacho hutazamwa na logind kwa mstari uleule wa HandlePowerKey, kwa hiyo kulificha sanduku la mashine ndani ya kabati peke yake hakutoshi.

Tiba yake ni kuunda faili dogo ndani ya folda ya /etc/systemd/logind.conf.d/, lenye jina linaloishia na .conf, ambamo mstari wa kwanza ni [Login] na wa pili ni HandlePowerKey=ignore, yaani kitufe kipuuzwe. Napendelea njia hii kuliko kuhariri faili kuu, kwa kuwa anayekuja baada yako ataona mara moja kilichobadilishwa, na masasisho ya mfumo hayatagongana na mabadiliko yako. Asiogope mtu kwamba kwa kufanya hivyo atakosa njia ya kuizima mashine iliyoganda: kitufe kikishikiliwa kwa sekunde zaidi ya nne, maunzi yenyewe hukata umeme, wala hakuna faili la mipangilio linaloweza kuyazuia. Hiyo ni njia ya dharura tu, kwa sababu haisubiri data iandikwe.

Hata hivyo sishauri kila seva iwekewe ignore bila kufikiri. Zipo ofisi ambazo mashine imefungiwa chumbani, ufunguo anao mlinzi, na UPS, ile betri ya akiba, ikianza kulia usiku, mlinzi huyo ndiye pekee aliyepo. Hana nywila, wala hapaswi kuwa nayo. Kwake yeye kitufe kinachozima kwa utaratibu ndicho kinachoiokoa hifadhidata kabla betri haijaisha, na fundi atakayekinyamazisha atakuwa amemwachia njia mbaya tu. Katika hali kama hiyo ni afadhali kuacha poweroff, halafu kazi zisizotakiwa kukatwa, kama vile kunakili data kila usiku, zianzishwe kupitia systemd-inhibit, ambayo huweka zuio la kuzima hadi kazi itakapomalizika. Kitufe huliheshimu zuio la namna hiyo, maadamu mstari wa PowerKeyIgnoreInhibited umeachwa na thamani yake ya awali ya no.

Mazuio hayo hayo ndiyo yanayowachanganya mafundi wengi kwenye kompyuta zenye GNOME, mojawapo ya mazingira ya picha. Fundi hubadilisha HandlePowerKey, huwasha upya, hubonyeza kitufe, na mashine inafanya jambo lingine kabisa. Basi huhitimisha kwamba faili halisomwi. Faili linasomwa, ila mazingira ya GNOME yameweka zuio la handle-power-key kwa niaba ya aliyeingia na kuamua yenyewe la kufanya, kwa hiyo mpangilio wa kubadilishwa umo ndani ya GNOME. Amri ya systemd-inhibit --list itaonyesha ni nani ameshika nini, na ingewaepusha wengi na kazi ya kusimika mfumo upya bila sababu.

Kompyuta mpakato zina mkasa wake. Ofisi nyingi ndogo huzitumia kama seva kwa sababu ya kueleweka, nayo ni kwamba betri yake hushikilia kazi umeme unapokatika. Lakini HandleLidSwitch kwa asili ni suspend, hivyo mtu anapofunga kifuniko kwa nia njema ya kukinga vumbi, seva inalala na wote waliounganishwa wanabaki wakitazama skrini zisizojibu. Mstari wa HandleLidSwitch=ignore unamaliza tatizo hilo, na ule wa HandleLidSwitchExternalPower, usipoandikwa, hufuata thamani hiyo hiyo mashine inapokuwa kwenye umeme. Anayefanya hivyo akumbuke tu kutoitia mashine hiyo mkobani ikiwa bado inafanya kazi, maana joto litaiharibu.

Kuhusu vipindi vyenyewe, kuna mstari mmoja ambao tayari umewahi kuzua mabishano makali. Mwezi Mei mwaka 2016, toleo la 230 la systemd, mkusanyo wa programu ambao logind ni sehemu yake, lilibadilisha thamani ya awali ya KillUserProcesses kuwa yes, maana yake mtumiaji akitoka, kila alichokiacha kikiendelea kinauawa, zikiwamo kazi zilizoachwa ndani ya screen au tmux (programu za kuacha kazi ikiendelea baada ya mtu kutoka) kwa makusudi. Debian waliirudisha kuwa no. Mimi nadhani Debian walifanya sawa kwa seva, ambako mtu huanzisha hesabu ndefu jioni na kwenda nyumbani. Lakini kwa maabara ya shule, ambako wanafunzi wengi hupokezana mashine moja na kuacha programu zao zikila kumbukumbu, yes ndiyo inayofaa. Yule anayestahili kuachiwa kazi zake huruhusiwa na msimamizi kwa amri ya loginctl enable-linger ikifuatiwa na jina lake, kisha kazi hizo zikaendeshwa kama huduma zake mwenyewe.

Mstari wa RemoveIPC hauna kelele hiyo, lakini nao una hatari. Ukiwa yes, mtumiaji anapotoka kabisa, kumbukumbu ya pamoja na semafo (vitu ambavyo programu hutumia kuwasiliana na kupokezana zamu) alizoziacha hufutwa. Watumiaji wa mfumo hawaguswi na kanuni hiyo, ila fundi aliyeisimika PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwa mkono chini ya akaunti yake ya kawaida anaweza kuikuta hifadhidata imeanguka kila anapotoka, na nyaraka za PostgreSQL zenyewe zinaonya juu ya jambo hilo. Wanaotumia FreeBSD, mfumo mwingine usio Linux, hawana logind. Kwao kitufe huongozwa na hw.acpi.power_button_state, ambayo kwa kawaida ni S5, yaani kuzima, na huweza kuwekwa NONE.

Ombi langu kwa wanaopokea mashine hizi ni kwamba kabla ya kutia saini wamtake fundi afanye jaribio mbele yao. Watu wawili waingie kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao, amri ya loginctl list-sessions iwaonyeshe wote wawili, kisha mtu wa tatu abonyeze kitufe cha seva mara moja na kukiachia. Jaribio lirudiwe wakati skrini ya seva iko kwenye ukurasa wa kuingia, na tena wakati kuna mtu aliyeingia kwenye mazingira ya picha, kwa kuwa majibu yanaweza kutofautiana. Kama mashine ni mpakato, kifuniko nacho kifungwe. Fundi akilazimika kurekebisha kitu, aiwashe mashine upya wakati hakuna anayeitumia badala ya kuianzisha upya systemd-logind peke yake katikati ya kazi, kwa sababu kwenye baadhi ya mifumo hatua hiyo imewahi kuvuruga vipindi vya picha vilivyo wazi. Alichokiandika katika faili lile dogo kichapwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na hati za makabidhiano.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtunza maabara ya kompyuta,
Morogoro