Barua kutoka The Hague: Nyumba Ndogo Yenye Hazina ya Mfalme

The Hague, Jumapili jioni

Wazazi wangu wapendwa,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta nyote mkiwa wazima, pamoja na wadogo zangu ambao nawasalimu mmoja baada ya mwingine. Mimi sijambo na masomo yangu yanaendelea vizuri.

Baba, katika barua yako ya mwisho uliniuliza hazina ya sanaa inayoitwa ya mfalme ni mali ya nani hasa: ni ya mfalme mwenyewe, ya ukoo wake, au ya wananchi? Sikuwa na jibu la kuniridhisha mimi, seuze wewe. Ndiyo sababu jana nilikwenda Mauritshuis, makumbusho ya picha za kuchorwa yaliyoko mjini hapa, nikaingia milango ilipofunguliwa asubuhi na kutoka walinzi walipoanza kutukumbusha kwamba muda umekwisha.

Jengo hilo liko ukingoni mwa bwawa linaloitwa Hofvijver, likipakana na majengo ya Bunge la Uholanzi, na kuta zake zinaonekana kana kwamba zimeota kutoka majini. Mama, ulipokuwa ukisikia habari za makumbusho ya Ulaya ulidhani yote ni makubwa kiasi cha mtu kupotea ndani. Hili sivyo. Lilijengwa kati ya mwaka 1633 na 1644 liwe makazi ya mtu mmoja, na hadi leo lina umbo la nyumba ya kuishi: ghorofa mbili za vyumba vya maonyesho, kuta zilizovikwa vitambaa vya hariri, mahali pa moto, na madirisha yanayotazama bwawa. Lilipofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena Juni 2014, lango la wageni lilihamishiwa chini ya ardhi, kwa hiyo unashuka ngazi kutoka uani, kisha unapanda kuingia nyumbani. Udogo huo ulinifaa sana. Katika jumba kubwa mtu hupita mbele ya picha kama apitaye mbele ya watu sokoni, lakini hapa nilipata nafasi ya kusimama, kurudi na kusimama tena.

Sasa nijibu swali lako. Mkusanyiko huu ulianzia kwa Prince Willem wa Tano, wa ukoo wa Orange, aliyeshika cheo cha stadhouder, yaani kiongozi mkuu wa Jamhuri ya Uholanzi kabla nchi hiyo haijawa na mfalme. Mwaka 1774 alifungua ukumbi wa picha zake hapa hapa The Hague na kuwaruhusu watu kuja kuzitazama. Mwaka 1795 majeshi ya Ufaransa yalipoingia nchini, alikimbilia Uingereza kwa mashua ya wavuvi kutoka pwani ya Scheveningen, na picha zake karibu 200 zikachukuliwa na Wafaransa hadi Paris, zikatundikwa katika makumbusho ya Louvre kama ngawira za vita. Napoleon aliposhindwa mwaka 1815, nyingi zilirudishwa, ingawa si zote. Mwaka uliofuata mwanawe, ambaye sasa alikuwa Mfalme Willem wa Kwanza, akazikabidhi kwa taifa. Serikali ikanunua jengo la Mauritshuis mwaka 1820, na mwaka 1822 milango ikafunguliwa kwa umma. Hivyo jina rasmi la makumbusho haya bado linabeba neno “kifalme”, lakini mfalme hana picha anayoweza kuichukua akaondoka nayo. Mali ni ya taifa, na tangu mwaka 1995 inatunzwa na taasisi inayojitegemea.

Hilo ndilo jibu la kwenye karatasi, Baba, na ningeweza kuishia hapo. Lakini kadiri nilivyozunguka ndivyo nilivyoona kwamba swali lako lina kina kuliko nilivyodhani.

Nianze na picha ambayo mfalme mwenyewe aliitaka. Ni Somo la Anatomia la Daktari Nicolaes Tulp, aliyoichora Rembrandt mwaka 1632 akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano au sita. Ilikuwa mali ya chama cha madaktari wapasuaji wa Amsterdam, na walipoamua kuiuza mwaka 1828 ili kutunisha mfuko wa wajane wao, Mfalme Willem aliingilia kati isije ikaenda nchi za nje, ikanunuliwa kwa gilda 32,000, gilda ikiwa fedha ya Uholanzi ya zamani. Ndani yake daktari amekamata kwa koleo misuli ya mkono wa maiti na kuifafanua, huku wenzake wakijisogeza mbele kwa shauku, mmoja wao ameshika karatasi yenye majina yao. Mtu aliyelala mezani hakuandikwa kwenye karatasi hiyo. Tunamfahamu kwa kumbukumbu za mahakama tu: aliitwa Aris Kindt, akanyongwa Januari 1632 kwa wizi. Nilijikuta ninamtazama yeye zaidi kuliko waheshimiwa waliomzunguka, kwa sababu mwanga wote wa picha umemwangukia, na miguu yake imechorwa kwa uangalifu ambao mtu huyo pengine hakuwahi kuupata alipokuwa hai.

Kuna pia fahali wa Paulus Potter, picha ya mwaka 1647 yenye upana wa zaidi ya mita tatu, ambayo wageni wengi huikimbilia. Mimi niliisogelea kutazama nzi na manyoya yaliyolowa usoni mwa fahali, nikaridhika, nikaendelea.

Kilichonisimamisha kilikuwa kidogo kuliko daftari la shule lililofunguliwa. Ni ndege aina ya chiriku aliyefungwa mguu kwa mnyororo mwembamba kwenye ufito anaotulia, mbele ya ukuta mweupe, kazi ya Carel Fabritius ya mwaka 1654. Ukiwa karibu huoni ndege, unaona mapigo machache ya brashi, ya manjano, ya kahawia, ya kijivu. Rudi nyuma hatua tatu, na ndege anakugeuzia kichwa. Fabritius alikufa mwaka huo huo, tarehe 12 Oktoba, ghala la baruti lilipolipuka mjini Delft na kubomoa sehemu kubwa ya mji. Kazi zake zilizobaki ni chache mno, na nilipokuwa nimesimama pale niliona jinsi pengo la mtu mmoja linavyoweza kuwa kubwa.

Wadogo zangu watataka kujua kama nilimwona Msichana Mwenye Hereni ya Lulu. Nilimwona. Johannes Vermeer alimchora karibu mwaka 1665, na hakuna ajuaye alikuwa binti wa nani, au hata kama alikuwepo mtu halisi aliyekaa kuchorwa. Kilemba chake cha buluu kimepakwa rangi iliyosagwa kutoka jiwe la lapis lazuli, ambalo siku hizo lilisafirishwa kutoka Afghanistan na kuuzwa kwa bei ya juu sana. Ile lulu yenyewe haina kishikizo cha kuiunganisha na sikio: ni doa la mwanga juu na mwangwi wa ukosi mweupe chini, basi, na macho yetu ndiyo yanayoikamilisha. Wataalamu walioichunguza picha hiyo mwaka 2018 kwa vifaa vya kisasa waligundua kwamba ana kope nyembamba tusizoweza kuziona kwa macho, na kwamba ule weusi ulio nyuma yake hapo awali ulikuwa pazia la kijani. Na hapa, Baba, ndipo neno “kifalme” linapoyumba: picha inayopendwa kuliko zote katika nyumba hii haikutoka kwa mfalme yeyote. Ilinunuliwa mnadani mwaka 1881 na mtu aitwaye Arnoldus Andries des Tombe kwa gilda mbili na senti thelathini za ada, ikiwa imechakaa na kusahauliwa, naye akaiachia makumbusho kwa wasia. Hakuomba malipo yoyote.

Sasa nifike mahali nilipokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Ni picha isiyo kubwa, yenye rangi za udongo, aliyoichora Rembrandt mwaka 1661, nayo inaitwa Wanaume Wawili Waafrika. Mmoja amevaa vazi la kale mithili ya askari wa Kirumi. Mwenzake yuko nyuma yake, ameinamisha kichwa karibu na bega lake kama ndugu mliotoka naye mbali. Sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimezunguka saa nzima katikati ya nyuso za matajiri wa Uholanzi zenye kola nyeupe zilizokunjwa, nikizistaajabia kama mgeni anavyostaajabia vitu vya watu, kisha ghafla nikakutana na nyuso ambazo ningeweza kuzisalimia. Rembrandt hakuwafanya watumishi wanaobeba sinia pembeni mwa picha ya bwana wao, kama wachoraji wengi wa zama zake walivyozoea kufanya. Aliwapa picha nzima. Watafiti wameonyesha kwamba wakati huo palikuwa na jumuiya ndogo ya watu weusi walio huru mjini Amsterdam, katika mitaa ile ile ambayo Rembrandt aliishi kwa miaka mingi, kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba walikuwa majirani zake. Majina yao hayakuandikwa popote. Mkurugenzi wa zamani wa makumbusho haya, Abraham Bredius, ndiye aliyeiacha picha hiyo hapa kwa wasia, ikapokelewa mwaka 1946.

Nawaeleza haya kwa urefu kwa sababu ya mwenye nyumba. Johan Maurits, ambaye jengo limepewa jina lake, alikuwa gavana wa koloni la Waholanzi nchini Brazil kuanzia mwaka 1637 hadi 1644. Utajiri wa koloni hilo ulikuwa miwa, na miwa ilihitaji mikono. Mwaka 1637 alituma meli zikaiteka ngome ya Elmina katika pwani ya Ghana ya leo, na mwaka 1641 zikaiteka Luanda, ili Waafrika waliotiwa utumwani wapelekwe kwenye mashamba hayo. Yeye mwenyewe pia alifanya biashara hiyo kwa faida yake. Nyumba yake ilipata kubandikwa jina la Nyumba ya Sukari. Makumbusho sasa hayafichi jambo hili. Sanamu ya nakala ya kichwa chake iliondolewa ukumbini mwaka 2017, na mwaka 2019 yalifanyika maonyesho maalumu ya kumchunguza upya. Kuna waliokasirika sanamu ilipoondolewa, wakisema historia inafutwa. Mimi naona kinyume chake: kabla ya hapo mgeni aliweza kuingia, akafurahia hariri na dari zilizonakshiwa, akatoka bila kujua sukari ile ililimwa na nani.

Basi, Baba, ukiniuliza tena hazina hii ni ya nani, nitakuambia kwamba hati ni ya taifa la Uholanzi, lakini gharama yake ililipwa na watu wengi ambao hawakuulizwa, na wengine wao walitoka pwani za bara letu. Sikuiona sababu hiyo kuwa ya kunizuia kuipenda picha ya chiriku au ya yule msichana. Ilinifanya nitake kurudi kwa wale wanaume wawili kabla sijaondoka, nami nilirudi. Chumba kilikuwa kimebaki kitupu, na mlinzi, mama wa makamo, aliniacha nisimame hadi dakika ya mwisho bila kusema neno.

Ndani ya bahasha mtakuta kadi mbili. Ya msichana ni ya wadogo zangu, wagawane wanavyojua. Ya wanaume wawili ni yenu, Baba na Mama. Nimeiwekea karatasi ngumu nyuma ili isikunjike njiani. Itazameni kwa utulivu, kisha mniandikie mnadhani yule aliyeinama anamwambia nini mwenzake.

Nawatakia afya njema na nawakumbuka kila siku.

Mwana wenu awapendaye