Malalamiko kuhusu injini ya V8 mliyoifunga kwenye MGB GT yangu

Coventry,
10 Machi 2025.

Mkurugenzi,
Gereji ya Magari ya Kale.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: INJINI YA ROVER V8 KWENYE MGB GT YA 1978

Tafadhali husika na kichwa cha habari cha hapo juu. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa mapatano yetu yote yalikuwa kwa Kiswahili, pamoja na karatasi ya makadirio uliyoijaza kwa mkono wako. Nakala yake nimeiambatisha.

Tulichoandikiana ni hiki: injini ya V8 (silinda nane) ya lita 3.5 kutoka gari la Rover SD1, ifungwe badala ya ile ya silinda nne, giaboksi yake ya gia tano, difu ya uwiano wa 3.07, breki za mbele za kiwango cha MGB GT V8, rejeta yenye feni mbili za umeme, na kabureta mbili za SU zitakazokaa nyuma ya injini ili boneti ifunge bila kuguswa. Bei pauni 8,600. Nimelipa yote, amana kwa kadi ya mkopo na salio kupitia benki. Nilichokabidhiwa ni gari lenye silinda nane, na baada ya hapo karibu kila kitu ni pungufu au si chenyewe.

Nianze na injini, maana ndiyo iliyobeba bei. Injini hizi hupigwa chapa ya uwiano wa mgandamizo (kadiri hewa na mafuta vinavyobanwa ndani ya silinda) kwenye bloku, pamoja na namba yake. Ya SD1 husomeka 9.35. Hii yangu, baada ya kufuta grisi mliyoiacha juu yake, inasomeka 8.13. Hiyo ni injini ya Range Rover. SD1 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 155. Range Rover ya mgandamizo mdogo haifiki huko, kwa sababu ilitengenezwa kuvuta trela matopeni, si kukimbia.

Najua utanijibu nini. Utasema MG wenyewe, walipoanza kuuza MGB GT V8 mwaka 1973, walitumia mgandamizo mdogo wa 8.25 na farasi 137, na gari likasifiwa. Ni kweli, na ni gari ninalolipenda. Bloku na hedi za injini yake ni za alumini, kwa hiyo uzito wake unakaribiana na ule wa injini ya chuma ya silinda nne, cc 1,798, iliyokuwa humo, na pua ya gari hailemewi. Sifa hiyo injini ilikuwa nayo tangu enzi za Buick kule Marekani, kabla Rover hawajanunua haki za kuitengeneza mwaka 1965. Lakini kaka, mimi sikuagiza gari la 1973. Niliagiza SD1, nikaandikiwa SD1, nikatozwa SD1. Kwetu tunaita kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na huyu hata gunia lenyewe lilikuwa na maandishi.

Kuhusu hiyo alumini, kuna jambo lililonishtua kuliko chapa. Nilipofungua rejeta nilikuta maji matupu ya bomba. Injini ya alumini haiwekewi maji matupu. Inahitaji dawa ya kuzuia kutu, la sivyo njia za maji ndani ya hedi huliwa taratibu hadi gasketi zinakosa pa kukaa. Tena mmenikabidhi gari hili wakati wa baridi, hapa Uingereza, ambako maji yakiganda usiku mmoja yanaweza kupasua bloku. Mwanafunzi wa ufundi anafundishwa hili wiki ya kwanza.

Gari linachemsha. Njiani likiwa kwenye mwendo halina neno, ila likikuta foleni mshale unapanda moja kwa moja. Sababu si fumbo. Rejeta ni ileile ya silinda nne na feni ni moja, tena kuukuu. Ekzosi mmezipitisha chini ndani ya chumba cha injini, bomba zikibana joto lote humo, ilhali tulizungumza juu ya zile za mtindo wa MG RV8 zinazotokea kwenye bati la ndani la madigadi. Ulinionyesha hata picha yake kwenye simu yako.

Sasa boneti. Hapa nitakaa kidogo, uniwie radhi, kwa sababu mengine yote yanaweza kurekebishwa kwa spana na hili limefanywa kwa msumeno.

Kiwanda cha MG cha Abingdon kilipobadili MGB kwenda kwenye bampa za mpira mweusi mwaka 1974, chumba cha injini cha magari yote kilifuata umbo la kile cha V8. Na kuanzia modeli za 1977 rejeta ilisogezwa mbele. Maana yake bodi ya 1978 ilishaandaliwa na kiwanda kupokea injini hii. Ndiyo maana nilitafuta gari la mwaka huo na kuziacha zile za bampa za kromu zinazopendwa na kila mtu na kugharimu zaidi. Ken Costello, aliyekuwa akifunga V8 kwenye MGB kabla ya kiwanda chenyewe, aliweka nundu kwenye boneti zake. Kiwanda kilipotengeneza ya kwake, wahandisi walizielekeza kabureta nyuma, karibu na ukuta wa kabini, na boneti ikabaki tambarare. Magari 2,591 yalitoka hivyo mpaka 1976, na hakuna hata moja lililohitaji kutobolewa juu.

Ninyi mmeweka manifodi ndefu na kabureta moja kubwa ya Kimarekani juu yake, boneti ikakataa kufunga, mkaikata. Hamkunipigia simu. Tundu lenyewe halikunyooka, kingo zake zimepakwa silikoni, na mvua inadondoka juu ya kichujio cha hewa. Boneti ile ilikuwa ya asili ya gari, haikuwahi kupigwa wala kuchomelewa. Mtu anayetaka gari lenye mdomo wazi juu ya boneti yupo na simlaumu, kila mtu na macho yake. Mimi nilitaka gari ambalo mpita njia halijui mpaka liwashwe.

Difu haikubadilishwa. Bado ni ya 3.9, ya silinda nne, na gia ya kwanza inaisha kabla sijavuka taa za barabarani. Kipimamwendo nacho kinasoma uongo tangu mlipobadili giaboksi. Kwenye ankara mmeandika difu imefungwa.

Breki hazikubadilishwa pia, na kwa hili sitanii. MGB GT V8 ilipewa diski nene zaidi na kalipa kubwa zaidi mbele kwa sababu gari linalokwenda kasi zaidi lazima lisimame vizuri zaidi. Mmelipatia gari la 1978 injini karibu mara mbili ya ile liliyozaliwa nayo, mkaliacha na breki za zamani, kisha mkanipa funguo na kunitakia safari njema. Fundi huru niliyempelekea alinishauri nisiliingize motawei mpaka breki zishughulikiwe. Ripoti yake ya maandishi nimeiambatisha pamoja na picha.

Kuhusu karatasi. DVLA, wanaosajili magari hapa Uingereza, wanataka kuarifiwa injini inapobadilishwa, na ukubwa wake ukibadilika wanataka ushahidi wa maandishi, kama risiti ya injini yenyewe. Ninyi mmenipa ankara iliyoandikwa "injini ya SD1" bila namba yoyote. Nikiipeleka hiyo, nitakuwa nimetoa maelezo yasiyo ya kweli kwenye kadi ya gari. Nisipoipeleka, kadi itabaki inasema cc 1,798. Kampuni ya bima nayo inasubiri maelezo hayohayo. Kwa hiyo gari limesimama uani, na bado nalipia bima.

Nilipopiga simu, kijana wako wa ofisini aliniambia magari ya zamani ndivyo yalivyo, yana visirani. Nilileta gari hili kwako likiendeshwa. Halikuwa linachemsha, halikuwa linavuja, boneti ilifunga. Visirani vyote ninavyovieleza vina umri mmoja na ankara yako.

Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na inayachukulia maelezo ya mtoa huduma ambayo mteja ameyategemea kuwa sehemu ya mkataba. Inanipa haki ya kutaka kazi irudiwe bila malipo na bila kunisumbua kupita kiasi, na hilo likishindikana, nipunguziwe bei. Nimechagua kuanza na la kwanza, kwa kuwa bado naamini gereji yako ina mafundi wanaoweza. Nimeiona kazi ya kuchomelea mliyoifanya kwenye egemeo za injini na ni safi kabisa. Aliyeifanya hakushiriki mengine haya, nadhani.

Ninachodai ni kwamba mfunge injini ya SD1 yenye chapa ya 9.35, na namba yake iandikwe kwenye ankara mpya. Ikiwa hamna, mnirudishie tofauti ya bei kati yake na hii mliyoweka, na ankara iseme wazi kwamba ni ya Range Rover, nipeleke ukweli DVLA. Difu, breki, rejeta, ekzosi na kabureta vifungwe kama tulivyoandikiana. Boneti inunuliwe nyingine ya chuma, siyo ya faiba, ipakwe rangi ya gari. Njia za maji zisafishwe na hedi zikaguliwe kabla ya kuwekwa dawa. Gharama ya kulibeba gari kuja na kurudi iwe yenu, kwa sababu sitaliendesha na breki hizo.

Nasubiri jibu lako la maandishi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Kwa simu tumeshaongea vya kutosha. Nisipolipata, nitawasilisha dai kwa kampuni ya kadi ya mkopo chini ya kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya 1974, na kinachobaki nitakifungulia kesi kwenye mahakama ya madai madogo, ambayo kikomo chake cha pauni 10,000 kinatosha kwa ankara yako nzima.

Gari lipo nyumbani, linaweza kuchukuliwa siku yoyote ya kazi baada ya saa kumi alasiri. Anayekuja aje na gari la kubebea, na aje na karatasi ya kupokelea iliyosainiwa na wewe mwenyewe.

Wako,
Mteja, mwenye MGB GT ya 1978.

Viambatisho: karatasi ya makadirio, ankara, ripoti ya fundi, picha za chapa ya bloku na boneti.