Risala ya kikundi cha wanafunzi wa uhandisi kwa mgeni rasmi, siku ya maonyesho ya kazi zetu

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Kikundi hiki hujifunza kuiga kwa kompyuta jinsi resini, yaani gundi inayoshikanisha nyuzi, inavyoivishwa kwa joto hadi iwe ngumu ndani ya matabaka ya nyuzi za kaboni, yale yanayoundiwa mabawa ya ndege.

Mgeni rasmi, wengi hudhani joto lote hutoka kwenye tanuri. Sivyo. Resini ya epoksi ikianza kuiva huzalisha joto lake yenyewe. Kwenye kipande chembamba joto hilo hutoka upesi. Kwenye kipande kinene hubaki katikati, maana kaboni hupitisha joto vizuri kufuata urefu wa uzi, lakini kuvuka kutoka tabaka hadi tabaka hupita kwa shida. Tanuri linaweza kusoma sentigredi 180 huku kiini kimeshazidi hapo na resini inaungua, na nje kipande kinang'aa tu.

Ndiyo maana tunaanzia kwenye kompyuta. Tunakigawa kipande katika visehemu vidogo, kisha kwa kila kimoja tunakokotoa mlinganyo wa Fourier, unaoeleza jinsi joto linavyosafiri, pamoja na ule wa kasi ya kuiva wa watafiti Kamal na Sourour wa mwaka 1973. Joto huharakisha kuiva, kuiva nako huongeza joto, kwa hiyo milinganyo hiyo haitenganishwi. Kwa njia hii tunajaribu kupandisha joto polepole, au kulituliza kwa muda kabla ya kufika kileleni, bila kuharibu nyuzi ambazo ni ghali.

Changamoto yetu ni vipimo. Kila resini ina namba zake za kuiva, nazo hupatikana kwa kalorimita, kifaa cha kupima joto ambalo resini huzalisha ikiiva, nacho hatuna. Tunaazima namba zilizochapishwa za resini zinazokaribiana na yetu. Picha za rangi kwenye skrini hupendeza hata namba zikiwa mbovu, na hilo linatutia hofu kuliko kukosa kompyuta kubwa.

Tunaomba basi utusaidie kupata kalorimita, na vipimajoto vya waya vya kufukia kati ya matabaka. Ikibidi kuchagua, tuanzie na vipimajoto: ni rahisi zaidi, na vitatuonyesha kiini kimefikia joto gani hasa.

Tunaomba kuwasilisha.