Shangazi, rudi mezani

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia hadharani kwa sababu umeniruhusu, na kwa sababu ule ujumbe wa sauti uliotumiwa wewe, usemao saratani hufa ukiinyima sukari, umeshapita kwenye simu za watu wengi wenye saratani kama wewe. Jina lako silitaji, wala la aliyeutuma.

Juzi nilipokuja kukuona nilikuta gauni lako la bluu limebanwa kiunoni kwa pini mbili. Miezi miwili iliyopita lilikuwa linakutosha sawasawa. Nikanyamaza mbele ya wageni. Walipoondoka ndipo uliponieleza: siku kumi na tisa hujagusa sukari wala wanga, unakula mara moja kwa siku, na tarehe ya dripu ya dawa za saratani umeiacha ikapita. "Saratani inakula sukari," ukaniambia. "Nikiinyima, itakufa."

Sikuwa na jibu siku ile, maana neno lako la kwanza ni kweli. La pili ndilo lililoninyima usingizi.

Tuanze na lililo kweli. Katika miaka ya 1920 huko Ujerumani, mtafiti Otto Warburg alikuwa akikata uvimbe vipande vyembamba sana, anaviweka kwenye chombo chenye glukosi, yaani sukari ile iliyomo kwenye damu, kisha anapima gesi. Seli ya kawaida ikipata oksijeni ya kutosha huichoma glukosi hadi mwisho, ndani ya zile tanuri zake ndogo zinazoitwa mitokondria. Kwa kila molekuli moja ya glukosi hupata takriban molekuli 30 za ATP, ambayo ndiyo nguvu inayotumika mwilini. Seli za uvimbe hazikufanya hivyo. Zilivuta glukosi kwa pupa, zikaikatisha njiani na kutoa asidi ya laktiki, ingawa oksijeni ilikuwepo. Njia hiyo ya mkato huleta ATP 2 tu.

Warburg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1931 kwa kazi yake juu ya kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) cha upumuaji wa seli, na hadi uzeeni alishikilia kwamba saratani huanza pale mitokondria zinapoharibika. Ujumbe uliotumiwa umeishia hapo hapo, kana kwamba tangu wakati huo maabara zote zimefungwa.

Hazikufungwa. Wengine walipopima walikuta kwamba katika saratani nyingi mitokondria ni nzima na zinafanya kazi. Basi kwa nini seli yenye tanuri nzima ichague njia ya hasara? Mimi nalielewa hivi, Shangazi: mwenye magogo akitaka moto tu, atayachoma yote. Akitaka kujenga nyumba, mengine atayapasua mbao. Seli ya saratani ina haraka ya kujigawa, na kila inapojigawa inahitaji mafuta ya ukuta mpya, vipande vya DNA mpya, protini mpya. Kaboni iliyomo kwenye glukosi ndiyo mbao zake. Tena si yeye peke yake mwenye tabia hiyo. Askari wa kinga yako, zile seli T, wakianza kuzaliana ili wapigane, nao hula glukosi kwa mtindo huo huo. Ukiwaza kumnyima adui chakula, mkumbuke na askari wako.

Anayeamuru ulaji huo mara nyingi ni jeni zilizoharibika. Jeni iitwayo MYC ikizidi nguvu huisukuma seli kula na kujenga bila kupumzika. Nyingine, P53, ikifa, breki moja muhimu imekwenda. Ila nisimdhulumu Warburg, kwa maana zipo saratani ambazo chanzo chake kiko ndani kabisa ya jiko la seli. Mwaka 2000 iligundulika kwamba kasoro ya kurithi katika kimeng'enya cha mitokondria kiitwacho SDH huleta uvimbe wa aina fulani shingoni. Miaka miwili baadaye kimeng'enya jirani, FH, kikahusishwa na saratani ya figo inayotembea kwenye ukoo.

Kisha ikaja habari ya IDH, na hii imenishika kuliko zote. Mwaka 2008 watafiti waliokuwa wakisoma vinasaba vya uvimbe wa ubongo walikuta baadhi yake una herufi moja iliyobadilika kwenye jeni ya IDH1, kimeng'enya cha kawaida tu cha ulaji wa seli. Herufi moja! Mwaka uliofuata ikaeleweka kinachotokea: kimeng'enya hicho hakikufa, kilibadili kazi. Kinatengeneza kitu ambacho kwenye seli nzima huwa kidogo mno, na kitu hicho kikijaa huzuia kufutwa kwa alama zilizobandikwa kwenye DNA, zile zinazoamua jeni zipi ziwashwe na zipi zizimwe. Seli inashindwa kukomaa. Inabaki changa, inajigawa tu. Dawa za kukifunga kimeng'enya hicho zipo: Marekani iliidhinisha ivosidenib mwaka 2018 kwa aina moja ya saratani ya damu, na vorasidenib mwaka 2024 kwa uvimbe wa ubongo wenye kasoro hiyo. Kwa hiyo anayesema ulaji wa seli ni suala dogo katika saratani hajafuatilia.

Sasa nije kwenye picha yako ya hospitali. Unakumbuka siku ya PET, kile kipimo cha picha ya mwili mzima, walikuchoma sindano, wakakufunika blanketi, wakakuambia ukae kimya, usiongee wala kutembea, karibu saa nzima? Ilikuwa ni glukosi iliyobandikwa florini yenye mionzi, ambayo nusu yake huisha kila baada ya dakika 110 hivi. Walikutuliza kwa sababu msuli unaofanya kazi nao ungeivuta. Kisha daktari akageuza skrini, ukaona pale penye uvimbe panawaka. Ukaniuliza kwenye gari, "Mbona na kichwani panawaka? Imeshafika huko?" Hapana, Shangazi. Ule ni ubongo wako mzima unaokula chakula chake; peke yake hutumia takriban sehemu moja ya tano ya nguvu za mwili uliopumzika. Na pale chini palipong'aa ni kibofu, dawa ikitoka kwa mkojo.

Picha ile ile wanayoitumia wenye ujumbe ule kukutisha inakuonyesha kwa nini njaa yako haiifikii saratani. Glukosi haifungiwi mlango mmoja ukaacha mingine. Ukiacha kula, ini lako hufungua akiba yake. Akiba ikiisha, ini hutengeneza glukosi mpya, na sehemu ya malighafi ni protini ya misuli yako mwenyewe. Damu haitakaa bila sukari, kwa sababu ikikaa bila sukari unazimia. Uvimbe utaendelea kuchota kutoka humo humo, na ukikosa utakula glutamini, kijenzi kimoja cha protini, utakula mafuta. Kilichopungua ni wewe. Zile pini mbili ni misuli iliyokwenda, na mgonjwa aliyepoteza misuli huvumilia dripu kwa shida zaidi.

Kuinyima saratani chakula kunawezekana, lakini kwa kulenga. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba amewapa watoto 16 wenye saratani kali ya damu dawa ya aminopterini, inayozuia seli kutumia foleti, vitamini ambayo DNA mpya haijengeki bila hiyo. Kumi wakapata nafuu. Nafuu ile haikudumu, lakini haikuwahi kuonekana kabla. Ndugu ya dawa hiyo, methotreksati, inatumika hadi leo. Halafu kuna asparaginesi. Seli za saratani hiyo ya damu nyingi haziwezi kujitengenezea vya kutosha kijenzi cha protini kiitwacho asparajini, hutegemea iliyomo kwenye damu. Dawa inaivunja yote, na seli nyingi nzima hazina shida kwa sababu zinajipikia. Hiyo ndiyo njaa ya kweli ya saratani, na inapatikana kwenye hizo dripu unazozikimbia.

Uliniuliza pia juu ya metformini, ile dawa ya kisukari. Matumaini yalikuwa makubwa, hata mimi ningetamani. Utafiti wa wagonjwa zaidi ya 3,600 wa saratani ya matiti wasio na kisukari ulitoa majibu mwaka 2022, na waliopewa metformini hawakuwazidi waliopewa kidonge kisicho na dawa. Na ule mlo wa mafuta mengi bila wanga? Mwaka 2018 ulijaribiwa kwa panya pamoja na dawa fulani za saratani ambazo hupandisha insulini, na mlo ukazisaidia dawa. Lakini panya wenye aina moja ya saratani ya damu, walipopewa mlo huo bila dawa, ugonjwa wao ulikimbia zaidi. Mlo ni jambo zito, Shangazi. Haupaswi kuagizwa na mtu asiyejua hata una uvimbe wa aina gani.

Nimemkasirikia aliyekutumia ile sauti, sifichi. Wewe sijakukasirikia hata kidogo. Ulitaka kuwa na jambo moja mkononi mwako la kufanya, baada ya miezi ya kulazwa, kuchomwa na kusubiri. Naomba jambo hilo sasa liwe hili: leo jioni ule, hata kidogo, na hapo uongeze kilicho na protini.

Nimeshaongea na hospitali, tarehe mpya ni Jumatatu. Nitakufuata saa moja asubuhi. Nimeomba tuonane na mtaalamu wa lishe kabla ya dripu, na tuulize kama uvimbe wako ulipimwa vinasaba. Maswali nimeyaandika kwenye karatasi, nimeacha nafasi juu uandike ya kwako, likiwemo lile la kichwani panapowaka, ulisikie kwa kinywa cha daktari mwenyewe.