Msimpe mtoto karatasi, mpeni maneno ya kusema

Ndugu Mhariri,

Kijana mmoja ameniomba abandike tangazo kwenye ukuta wa duka langu hapa Ngamiani, Tanga. Ni mafunzo ya likizo kwa watoto wa miaka 6 hadi 12: kujiamini, kuongea mbele ya watu, kumtazama mtu machoni unapozungumza naye. Ada yake ni kama bei ya mfuko wa sembe wa kilo 25. Nimemruhusu, ukuta wenyewe hauna kazi nyingine. Ila naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu niwaambie wazazi jambo ambalo sisi wenye maduka tunaliona kila siku.

Kabla ya simu kujaa majumbani, mtoto alitumwa dukani kwa mdomo. Unamwona anakuja huku anajikumbusha, "sukari robo, mafuta ya mia tano, kiberiti kimoja," chupa ya mafuta mkononi. Akifika anaamkia, anamngoja aliyemtangulia, kisha anasema shida yake. Mimi namjibu: sukari ipo, mafuta ya alizeti yamekwisha, yaliyopo ni ya mawese. Hapo sasa ndipo kazi inapoanza, maana mama yake hakumwambia lolote kuhusu mawese. Lazima aniulize bei. Lazima aamue mwenyewe au arudi akaulize, na akirudi awe na maneno kamili: "Bibi anasema ya alizeti yatakuja kesho jioni, na ya mawese bei ni ileile, na anakusalimu." Mtoto wa miaka saba huyo! Amesikiliza, ameuliza, amengoja zamu yake, amechukua maneno ya mtu mzima na kuyafikisha kwa mwingine. Na akijitahidi zaidi anapata na pipi ya nyongeza, lakini aiombe kwa adabu.

Siku hizi mama ananipigia. "Bibi, namtuma mtoto, mpe unga kilo mbili na nyanya za elfu moja, hela nimeshatuma." Mtoto anafika, anasimama, kimya. Nikimuuliza ametumwa nini ananijibu, "Mama ameshakupigia." Mwingine ananyoosha mkono na karatasi, hata shikamoo hakuna. Mtoto amegeuzwa kapu lenye miguu.

Sina ugomvi na simu. Hela ya kwenye simu imenipunguzia balaa la kutafuta chenji. Najua pia kwa nini wazazi wengine hawatumi watoto kabisa: bodaboda zinapita kwa kasi hata vichochoroni, na hofu za watoto kupotea sote tunazo. Basi asitumwe kuvuka barabara kubwa. Atumwe nyumba ya pili akaazime mbuzi ya kukunia nazi, apige hodi, angoje aambiwe karibu, aeleze alichotumwa, ashukuru. Na mbuzi akairudishe yeye mwenyewe.

Jambo jingine ni sisi wakubwa. Mtoto anasema shikamoo, tunajibu marahaba, basi, kila mtu anashika njia yake. Shikamoo ilikuwa mlango tu, watu waliingia ndani. Mimi hujibu hivi: marahaba, hujambo? Sijambo. Mama hajambo? Hajambo, ila mdogo wangu ana mafua. Pole, yamemwanza lini? Tangu juzi. Mmempa nini? Hapo mtoto ameshanieleza habari yenye kichwa na miguu, bila mimi kumwambia "jieleze." Kuna mtoto wa jirani ambaye mama yake aliniambia ni bubu wa watu, haongei na mgeni. Kumbe anaongea sana, ilimradi uulize kitu ambacho kweli hukijui. Nilimuuliza njiwa wao wanakula nini, nikachelewa kufunga duka.

Nyumbani je? Sikilizeni maswali tunayowauliza. Umekula? Umeoga? Umefanya kazi za shule? Majibu yake ni ndiyo na hapana. Akianza kuuliza yeye, tunamwambia ana kiherehere, nyamaza wakubwa wanaongea. Tunamnyamazisha bure miezi yote ya shule, halafu likizo ikifika tunalipa ada afundishwe kusema.

Shuleni nako kuna mambo. Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili wamejikita kwenye KKK, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na sina neno, mtoto asiyejua kusoma ataishi kwa tabu. Lakini mwisho wa safari, darasa la saba, hakuna mtihani wa kusema hata sentensi moja. Sehemu kubwa ni kuchagua herufi na kuiweka kivuli kwa penseli. Hata vitendawili vinatahiniwa hivyo. Juzi nilimtegea binti mmoja wa darasa la sita aliyekuja kununua daftari. Kitendawili! Akaitika vizuri, tega! Nyumba yangu haina mlango. Akafikiri, akaniangalia, akasema, "Bibi, A ni nini, B ni nini?"

Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa nje akachungulia. Lakini nilipomaliza kucheka niliona uchungu. Kitendawili ni mazungumzo, si swali la kuchagua. Mmoja anatega, wenzake wanakisia kwa zamu, unakosea na hakuna anayekuchapa. Mkishindwa mnampa mji. Na mwenye kitendawili hasemi jibu hivihivi. Akipewa Muheza, anakwenda Muheza: nimefika, nimekula machungwa, wenyeji wamenikaribisha, wameniuliza habari za huko nitokako, nikawaambia wenzangu wameshindwa na yai. Yule aliyeshindwa sharti akae amsikilize mwenzake akijidai safari nzima. Binti yule nilimwambia anipe mji. Akanipa Dubai, ambako anako shangazi, nami sijawahi kupanda hata ndege. Nilisafiri kwa kubahatisha, naye akawa ananisahihisha njia nzima!

Sasa hilo la kumtazama mtu machoni. Kwetu mtoto anayemkazia macho mtu mzima anaambiwa hana adabu. Watoto wa hapa husikiliza wameinamisha kichwa kidogo, na ukiwauliza ulichosema wanakirudia chote. Mwalimu wa hayo mafunzo asije akamwandikia mtoto wa namna hiyo kwamba hajiamini. Akikua, akaitwa kwenye usaili wa kazi, mtu atamwambia atazame mbele naye atatazama.

Nimalizie kwa ombi, Mhariri, na hili liko mikononi mwenu. Ukurasa wenu wa watoto unachapisha vitendawili vizuri, lakini majibu mnayaweka palepale chini, yamepinduliwa. Mtoto anageuza gazeti, mchezo umekwisha, hajamsumbua mtu. Tafadhali majibu yatoke wiki inayofuata. Kwa siku saba hizo awaulize baba, dada, kondakta wa daladala, au aje dukani kwangu. Nitakuwepo mpaka saa mbili usiku, isipokuwa Ijumaa, ambapo nafunga mapema.

Bibi wa Dukani,
Ngamiani, Tanga